Shahidi wa Lengo: Mtu Mmoja na Kikundi Chake

Maelezo ya mada iliyotolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii katika ukumbi wa Halmashauri, mbele ya Waheshimiwa Madiwani, watendaji wa kata na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wanavikundi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nimepewa mada yenye maneno mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayakai nyumba moja: "kikundi" na "binafsi". Nimeombwa nieleze jinsi kikundi kinavyomsaidia mtu kutimiza lengo lake mwenyewe. Mazoea yetu ni kuzungumza kana kwamba kikundi ndicho chenye lengo: kikundi kimepata mkopo, kikundi kimenunua mashine, kikundi kimefungua akaunti benki. Leo naomba tumtazame mwanachama mmoja tu, aliyeketi nyuma kidogo, kitabu chake cha hisa mkononi, mwenye jambo lake moja analolitaka. Je, hawa wenzake waliomzunguka wanamsaidia nini ambacho asingeweza kukipata akiwa nyumbani kwake?

Najua kuwa wengi wenu mmekuja mkitarajia habari za mikopo ya asilimia kumi. Nitaifikia. Lakini nitaifikia mwishoni, na nina sababu ya kuiweka huko.

Ndugu zangu, mtu wa wilaya hii hakosi lengo. Muulizeni mama lishe wa stendi, atawaambia bila kusita kwamba anataka jiko kubwa na meza mbili za kuongeza. Muulizeni kijana wa bodaboda, atasema anataka pikipiki iwe yake badala ya kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Yuko anayetaka mabati ishirini, yuko anayetaka binti yake amalize kidato cha nne, na yuko mzee anayetaka kujifunza kusoma ili asome mwenyewe ujumbe wa simu yake. Wala hawakosi ujuzi wa namna ya kufika. Kila mmoja wao anajua kwamba ni lazima atenge kidogo kila wiki.

Linaloharibu ni kwamba fedha iliyo ndani ya nyumba ina wenyewe wengi. Mtoto akipata homa, fedha ni ya mtoto. Msiba ukitokea upande wa shemeji, fedha ni ya msiba. Jirani akija jioni na uso wa huzuni, na wewe unajua moyoni kwamba kibubu kiko chini ya kitanda, utamwambia huna? Aghalabu tunasema mtu fulani hana nidhamu ya fedha. Mimi sipendi hukumu hiyo. Mara nyingi mtu huyo ana huruma, ana ndugu, na hana pa kuiweka fedha mahali ambapo huruma yake haiwezi kuifikia kwa urahisi.

Jambo hili limepimwa, tena hapa jirani. Watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio magharibi mwa Kenya katika vikundi 113 vya mzunguko, vile ambavyo sisi tunaviita upatu au mchezo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Walitaka kujua kwa nini watu wa kipato kidogo hushindwa kuweka akiba ya mambo ya afya, kama vile kununua chandarua. Baadhi ya wanavikundi walipewa sanduku la kawaida lenye kufuli, na ufunguo wakakaa nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku la namna hiyo hiyo, lakini ufunguo ukashikwa na msimamizi wa mradi, asiwafungulie mpaka wafikishe kiasi walichokusudia. Wengine hawakupewa sanduku lolote, bali kikundi chao kilianzisha chungu cha pili kando ya ule mchezo wa kawaida: kila wanapokutana wanachangia, na mmoja anapewa kwa zamu akanunue kitu cha afya alichokitaja.

Sanduku la kawaida liliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa zaidi ya nusu. Sanduku ambalo mwenyewe hawezi kulifungua halikuleta ongezeko la maana, kwa sababu watu waliogopa kutia fedha mahali wasipoweza kuipata siku ya dharura. Na chungu cha kikundi kiliongeza kwa zaidi ya maradufu.

Naomba tulitafakari kidogo lile sanduku la pili, maana lina somo kwa viongozi wanaopenda ukali. Kumfungia mtu fedha yake hakukumsaidia. Kilichomsaidia zaidi ni siku ya kukutana inayojulikana, kiasi kinachojulikana, na watu wanaojua fedha ile ni ya kazi gani. Kijana akimwomba mama yake fedha ile, mama ana jibu ambalo halivunji udugu: "Mwanangu, hiyo ni ya kikundi." Hajasema uongo, na wala hajamnyima mtoto wake.

Jaribio jingine lilifanyika mbali zaidi, nchini Chile, likiongozwa na Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz, miongoni mwa wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakikopa katika taasisi ya fedha. Wote walifunguliwa akaunti za akiba. Sehemu yao waliwekwa katika vikundi ambavyo kila mwanachama alitaja hadharani lengo lake la akiba, kisha kila wiki akaeleza amefikia wapi. Sehemu nyingine hawakuwekwa katika vikundi, bali walipewa riba nono ya asilimia tano, ilhali akaunti ya kawaida ilitoa asilimia 0.3 tu. Mtu angedhani riba ndiyo ingewavuta. Haikuwa hivyo. Riba kubwa haikubadili lolote la maana kwa walio wengi. Waliokuwa katika vikundi waliweka fedha mara tatu na nusu zaidi ya wasiokuwa navyo, na salio lao likakaribia kuwa maradufu.

Kuna nyongeza ya utafiti huo ambayo sitaki kuificha, ingawa inapunguza kidogo fahari yetu sisi tunaopenda mikutano. Watafiti walijaribu pia kuwatumia watu ujumbe wa simu wa mara kwa mara, unaowaeleza wao na wenzao wamefikia wapi, bila kikao chochote na bila kuonana uso kwa uso. Matokeo yakakaribiana na yale ya vikundi. Maana yake ni nini? Maana yake, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, ni kwamba si aibu inayomsukuma mtu. Kinachomsukuma ni kukumbushwa kwa wakati, na kujua kwamba yupo mtu anayefuatilia. Kiongozi anayesimama mbele ya kikundi na kumfokea mwanachama aliyekosa hisa wiki mbili anadhani anafanya kazi ya kikundi, kazi ya kikundi ni kumuuliza kwa utaratibu, "Lile bati umefikia la ngapi?"

Sasa tuje kwenye vikundi vyetu wenyewe. Kusaidiana si jambo tulilofundishwa na mradi. Wazee wa Upare na Usambara walikuwa na msaragambo kabla ya sanduku lolote la chuma kuletwa, upatu una umri mrefu, na hakuna kijiji katika wilaya hii kisicho na chama cha kufa na kuzikana. Ila upatu una kasoro moja inayojulikana: anayepokea mwanzo ananufaika, anayepokea mwisho anasubiri, na mgonjwa wa katikati hana msaada. Mfumo wa hisa unaotumiwa na wengi wenu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, katika kazi ya shirika la CARE pamoja na akina mama wa huko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umekwisha kufika Unguja, kandokando ya msitu wa Jozani, na Tanzania Bara ukaenea pamoja na ndugu yake VICOBA, wenye wanachama wapatao thelathini waliogawanyika katika makundi ya watano watano wanaodhaminiana.

Nyote mnaujua utaratibu, kwa hiyo sitaueleza kama mgeni. Nitataja mambo matatu tu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayombeba mtu mmoja na lengo lake, na ambayo vikundi vingi vimeanza kuyachukulia kuwa mapambo.

La kwanza ni kuhesabu mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelitunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Halifunguliwi pasipo kikao. Fedha zinahesabiwa na wahesabu wawili kwa sauti, muhuri unapigwa katika kitabu cha kila mwanachama yeye akiwa anatazama, na kabla ya kuachana salio linatajwa ili kila mtu aondoke nalo kichwani. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kuuliza: tulibaki na kiasi gani? Mama asiyejua kusoma anajibu sawasawa na mwalimu mstaafu. Nimeona katika ukaguzi vikundi vinavyosema, "Sisi tunaaminiana, siku hizi katibu anahesabu nyumbani." Ninawasihi mwache. Kuhesabu kwa pamoja kunatukinga na wizi, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kumfanya kila mtu aone hisa zake zikikua. Mtu haamini akiba ambayo hajaiona kwa miezi mitano, na asipoiamini ataiomba.

La pili ni mfuko wa jamii, na hapa ningependa kukaa kidogo. Viongozi wengi huuona mfuko huu kuwa ni fedha ya rambirambi. Mimi nauona kuwa ndio ukuta wa lengo la mtu. Tuseme fundi cherehani anataka mashine ya ovaloki, na bei aliyoulizia ni Sh 700,000. Hisa moja ni Sh 5,000. Ameamua kununua hisa tatu kila wiki. Kwa vikao 50 atakuwa na Sh 750,000, kabla hata ya kugawiwa faida ya mikopo. Hesabu ni nzuri kabisa. Lakini wiki ya ishirini na mbili mume wake anavunjika mguu. Kama hakuna mfuko wa jamii, atafanya moja kati ya mawili: atasimamisha hisa, au atakwenda kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la "kausha damu". Akienda huko, mashine ya ovaloki imekwisha, na huenda hata cherehani aliyo nayo ikabebwa. Mfuko wa jamii ukimpa hata Sh 60,000 siku ile ile, bila riba, lengo lake linapita juu ya kisiki bila kuanguka. Sh 500 au 1,000 inayochangwa na kila mmoja kila wiki ndiyo inayofanya zile hisa za Sh 15,000 ziwe na maana. Kikundi kinachofuta mfuko wa jamii ili watu wanunue hisa nyingi zaidi kimekata tawi kilichokalia.

La tatu ni tarehe ya mgao. Nimepitia katiba za vikundi kadhaa na nyingi zinaandika tu kwamba mgao utafanyika "mwisho wa mwaka". Kwa nini Desemba? Kwa sababu kila mtu hufanya Desemba. Lakini lengo la mkulima ni mbegu na mbolea, na anavihitaji kabla mvua hazijaanza. Lengo la mzazi ni Januari, shule zinapofunguliwa. Fedha ikitoka tarehe 10 Desemba ina sikukuu nzima ya kuvuka kabla ya kufika shuleni, na sote tunajua ni kiasi gani huvuka. Kikundi kina uhuru wa kuchagua tarehe. Wakulima wagawane wakati wa kuandaa mashamba. Wenye watoto wa shule wagawane wiki moja kabla ya muhula. Ni jambo dogo la kalenda, halimgharimu mtu senti, na bado sijui kikundi kingi kilicholijadili.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye ombi langu kuu la leo. Katika vikao vingi nilivyohudhuria, tunajua jina la kila mwanachama, idadi ya hisa zake, deni lake na faini yake ya kuchelewa. Lakini ukimuuliza mwenyekiti, "Huyu mama anaweka akiba kwa ajili ya nini?" hajui. Kikundi kinamshuhudia akiweka, hakishuhudii anakokwenda. Siku ya mgao anapokea laki nane, wenzake wanampigia vigelegele, wiki moja baadaye hakuna ajuaye zimeishia wapi, na yeye mwenyewe anaanza mzunguko mpya akiwa palepale. Huyu hakufeli kuweka akiba. Aliweka vizuri mno. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza.

Napendekeza kwamba siku ya kwanza ya mzunguko, kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa, kila mwanachama aseme jambo moja analolitaka, kwa maneno yanayoweza kuonekana kwa macho. "Nataka kuinua maisha" si lengo la kuandikwa. Hakuna atakayejua siku limetimia. "Mabati ishirini ya geji 30" ni lengo. "Mbuzi wanne majike" ni lengo. Katibu aliandike katika ukurasa wa mwisho wa kitabu cha hisa, na kila mwezi wa tatu zitengwe dakika chache za kulisoma. Mkopo unapoombwa, kikundi kiulize kama unalisogeza lengo au unalirudisha nyuma. Mkopo wa mara tatu ya hisa, ambao katiba nyingi zinauruhusu, ni ngazi kwa mtu anayenunua mtaji wa samaki na ni shimo kwa mtu anayegharamia sherehe. Kikundi kisimkataze mtu sherehe yake. Kimwulize tu mbele ya ukurasa ule alioujaza mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, lazima niweke mpaka hapa, maana kuna malengo ambayo hayastahili kutajwa mkutanoni. Mwanamke anayeweka akiba ili aondoke katika nyumba anayopigwa hatalisema mbele ya wifi yake. Mwenye maradhi yanayonyanyapaliwa hatayataja. Watu hawa waruhusiwe kuandika "lengo la familia" na kumnong'oneza mtu mmoja wanayemwamini katika lile kundi la watano. Shahidi mmoja wa kweli anatosha. Kikundi kinachogeuza maisha ya watu kuwa hadithi za kisimani kitawapoteza wale wanaokihitaji zaidi.

Nisieleweke kwamba nasema habari za fedha tu. Msaada wa kikundi unafanya kazi hata pale ambapo hakuna shilingi inayobadilishana mikono. Katika mkoa wa Tete, Msumbiji, tangu mwaka 2008, watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walijipanga katika vikundi visivyozidi watu sita. Kila mwezi mmoja wao alikwenda kituo cha afya kwa zamu, akapimwa yeye, akachukua dawa za wote, na akarudi nazo kijijini. Mtu aliyepaswa kutembea kwenda kliniki kila mwezi akawa anakwenda mara mbili kwa mwaka, na aliyeacha kumeza dawa akawa anajulikana mapema na watu wanaomjali. Kule Khayelitsha, Afrika Kusini, tangu 2007 walianzisha klabu za wagonjwa wapatao thelathini wanaokutana kila baada ya miezi miwili. Na shamba darasa, ambalo mabwana shamba wetu wanalitumia, lilianzia katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, pale wakulima walipoanza kukagua wadudu kwa pamoja kila wiki badala ya kusubiri maelekezo. Kila mkulima alirudi kwenye shamba lake. Alichokipata kwa wenzake ni jicho la pili.

Kila nikiitazama mifano hii nakuta sura ile ile: kikundi ni kidogo, siku ya kukutana inajulikana, kila mtu ana jambo lake, na wote wanajua jambo la kila mtu limefikia wapi. Idadi ikizidi watu hawajuani. Kikao kikiwa cha kuitana kwa simu pale mwenyekiti anapopata nafasi, hakuna anayekumbushwa lolote.

Kikundi kina madhara yake pia, na afisa asiyeyataja anawadanganya. Dhamana ya pamoja inaweza kumgeuza jirani kuwa mkusanya madeni. Tumeshuhudia katika wilaya yetu mtu akikopa kausha damu kwa siri ili alipe mkopo wa kikundi, kwa kuogopa macho ya wenzake, na deni la pili likammeza. Kikundi kinachomsukuma mtu huko kimeacha kuwa msaada. Katiba iweke wazi njia ya mtu aliyekwama: aongezewe muda, alipe kidogo kidogo, na hisa zake zipunguzwe kwa hesabu iliyo wazi pale tu inapobidi. Tena vikundi vina tabia ya kuchagua wenye nafuu na kuwaacha maskini nje ya mlango, kwa hofu ya kuwabeba. Hisa ikipangwa kuwa Sh 10,000, anayeuza mchicha amekwisha kufukuzwa bila mtu kutamka neno. Bei ya hisa ipangwe kwa kumtazama mwanachama wa chini. Mwenye uwezo atanunua hisa tano, na hakuna atakayemzuia.

Sasa mikopo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Fedha hii si zawadi na haitoki mbali. Ni ushuru wa soko letu, ni leseni za maduka yetu, ni kodi aliyolipa mama yule yule wa stendi. Kila shilingi isiyorejeshwa inamsimamisha mwombaji anayefuata kwenye foleni.

Sababu ya kuyaweka haya mwishoni ni hii. Tunapotangaza mikopo, katika majuma mawili yanazaliwa vikundi vipya vingi. Vina jina, vina katiba iliyonakiliwa kutoka kwa kikundi kingine, wakati mwingine hata jina la kikundi kile limesahaulika ndani yake. Havina siku ya kukutana. Fedha ikiingia, watu watano wanagawana sehemu tano, kila mtu anakwenda njia yake, na miezi sita baadaye afisa wangu anazunguka na pikipiki akitafuta watu ambao hawajuani hata nyumba. Sitawalaumu sana hao watu. Walitii masharti yaliyosema waje na kikundi, wakaja na kikundi. Lakini walichokuwa nacho ni orodha ya majina. Hakuna aliyekuwa shahidi wa mwenzake.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu, na nausema kama ushauri wala si kama kanuni, ni kwamba kikundi kisiombe mkopo wa Halmashauri kabla hakijamaliza walau mzunguko mmoja mzima kwa fedha zake chenyewe, kikagawana, na kikaanza tena. Kikundi kilichovuka mwaka kimekwisha kumjua mchelewaji wake, mgonjwa wake na mwenye maneno mengi wake. Mkopo ukija utakuta nyumba ina wenyewe. Waheshimiwa Madiwani, najua mnabanwa na vijana wanaotaka mkopo kesho asubuhi, na wengine umri wao na hali yao haviruhusu kusubiri. Kwa hao ninaomba tuwape mafunzo ya wiki kadhaa na vikao vya kila wiki kabla ya hundi, badala ya semina ya siku moja yenye chai na picha ya pamoja.

Kuhusu usajili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vyenu katika daraja la nne, na inavitaka visajiliwe. Usajili unafanyika kupitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri. Kikundi kisichosajiliwa kinawaweka wanachama wake pabaya siku kiongozi anapotoroka na fedha, kwa kuwa hakuna karatasi ya kumfuata nayo. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Leteni muhtasari wa kikao kilichoamua kusajili, orodha ya wanachama iliyosainiwa na katiba yenu. Naomba katiba hiyo iwe imeandikwa na ninyi wenyewe, hata kama ina makosa ya herufi. Herufi tutazisahihisha pamoja.

Ofisi yangu imechapa ukurasa mmoja wa malengo unaoweza kubandikwa nyuma ya kitabu cha hisa. Una mistari minne tu: ninachokitaka, kiasi kinachohitajika, tarehe ninayokihitaji, na jina la mwenzangu atakayeniuliza. Nakala ziko mezani pale mlangoni, na kila kiongozi achukue zinazotosha wanachama wake. Kwa wanachama wasioandika, mwenzao aandike wakiwa wameketi pamoja, na aliyeandika ndiye awe wa kuuliza. Mwezi wa tatu kuanzia sasa maafisa wa kata watapita katika vikao vyenu. Hawataomba kuona sanduku. Wataomba kusikia watu watatu wakisoma ukurasa huo na kueleza wamefika wapi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa idhini yako, niko tayari kupokea maswali, na ningeomba tuanze na wale mama waliokaa karibu na dirisha, maana wamenyoosha mikono tangu nilipotaja tarehe ya mgao.